Maisha ya Kardinali Lavigerie, Mtetezi wa Watumwa wa Afrika

Ni desturi katika vijitabu vya Yubilei kuandika habari za mapadre waliojenga makanisa yetu, na za makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kilima hata kilima. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine. Hapa tumeona vema kueleza maisha ya mtu ambaye hakufika kamwe Qurus, wala Karatu, wala Mbulu, wala hakukanyaga hata mchanga wa Bagamoyo. Jina lake ni Charles Lavigerie. Yeye ndiye aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe, na shirika hilo ndilo lililoingiza Injili katika nchi ya Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya kuja kwa Mapadre wa Pallotti. Kwa hiyo tukihesabu vizazi vya imani yetu, yeye ni kama babu yetu, ingawa wajukuu hawakupata kumwona.

Tena iko sababu ya pili. Wazee wetu hawakuumizwa na biashara ya watumwa kama walivyoumizwa watu wa Unyamwezi, wa Umanyema na wa Nyasa. Njia kuu ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora na Ugogo, ikashuka Bagamoyo, yaani ilipita mbali kusini ya milima yetu. Basi wengi wetu tumezoea kuyasikia mambo hayo kama habari za wageni. Lakini biashara ya wanadamu haikufa pamoja na misafara ile, na siku hizi haichagui njia. Ndiyo maana tunataka wasomaji wajue jinsi mtu mmoja alivyopigana nayo, aliposhinda na alipokosea.

Charles Martial Lavigerie alizaliwa karibu na mji wa Bayonne, kusini ya Ufaransa, tarehe 31 Oktoba 1825. Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha. Nyumbani hawakuwa watu wa kushika dini kwa bidii nyingi, na sala za kwanza mtoto alifundishwa na watumishi wa nyumba. Tunalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wasichana wetu wanaotumika katika nyumba za watu, wasifikiri kwamba hawana la kumfundisha mtoto wa bwana. Alisoma Paris, akapata upadre mwaka 1849, na baada ya miaka michache akawa mwalimu wa historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Sorbonne. Kama angalibaki huko, jina lake lingalikaa katika vitabu vya wenye elimu tu.

Mwaka 1860 vita vikatokea katika milima ya Lebanoni na katika mji wa Dameski. Wakristu maelfu waliuawa, nyumba zao zikachomwa moto, na wajane na yatima wakabaki bila mkate. Padre Lavigerie, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 35, alikuwa mkuu wa chama cha kusaidia shule za Mashariki. Akakusanya fedha Ufaransa, kisha hakuridhika kuzipeleka kwa mikono ya wengine, akapanda meli mwenyewe. Huko aliona jambo asilolisahau maisha yake yote. Katika Dameski alikutana na Amiri Abd el-Kader, Mwislamu, yule mkuu wa Aljeria aliyepigana na Wafaransa miaka mingi, wakamshinda na kumtia kifungoni. Mtu huyo ndiye aliyewafungulia Wakristu nyumba yake siku ya mauaji, akawalinda kwa watu wake wenye silaha, hata maelfu wakaokoka. Lavigerie alimheshimu sana. Twaomba msomaji akumbuke habari hii atakapofika mbele, kwa kuwa wako watu waliosema kwamba Kardinali alichukia Waislamu wote pasipo kupambanua.

Aliporudi, Kanisa lilimpandisha daraja upesi. Mwaka 1863 akawa askofu wa Nancy, naye ana miaka 37 tu. Ulikuwa mji mzuri, wenye mapadre wengi na Wakristu wengi, na watu walidhani kwamba baada ya hapo atapewa mji mkubwa zaidi wa Ufaransa. Hata mwisho wa mwaka 1866 ikaja barua ya Jemadari MacMahon, gavana wa Aljeria, akimwuliza kama atakubali kuwa askofu wa Algiers. Jimbo lile halikutamaniwa na mtu. Yeye akakubali, akafika huko katika Mei mwaka 1867.

Mwaka uleule nchi ikapigwa. Nzige walikuwa wamekula mazao, mvua ikakosekana, kipindupindu kikaingia, kisha njaa kali. Watu walianguka njiani wakafa, na watoto wakabaki wakizunguka peke yao, wakila mizizi. Askofu akaagiza waokotwe wote waletwe kwake. Wakaja wachache, halafu makumi, halafu mamia, hata wakapita elfu. Akawaweka katika majengo ya seminari na ya watawa, na kila palipokuwa na paa. Akaandika barua Ufaransa na Ubelgiji na mbali zaidi, akiomba chakula na nguo.

Njaa ilipopungua, serikali ikataka watoto warudishwe kwa makabila yao. Gavana MacMahon aliogopa kwamba Waislamu watakasirika wakiona watoto wao wanalelewa na askofu. Lavigerie akakataa kabisa. Alijua kwamba wengi wao hawana tena baba wala mama, na kwamba msichana yatima akipelekwa tu njiani atauzwa kwa mume au kwa bwana, hata kama bado ni mtoto. Ugomvi wa gavana na askofu ukasikika mpaka kwa Kaisari Napoleon wa Tatu, na askofu akashinda. Hakuruhusu watoto wabatizwe kwa kulazimishwa, isipokuwa waliokuwa karibu kufa. Hata hivyo twakiri kwamba hofu ya wazazi na jamaa wa Kiislamu ilikuwa na sababu, na jambo la mtoto wa dini moja kulelewa katika nyumba ya dini nyingine si jepesi hata leo. Lakini waliobaki walikua, wakaoana, na askofu akawapa mashamba na vijiji, ambavyo kimoja kiliitwa jina la Mtakatifu Sipriani na kingine la Mtakatifu Monika.

Katika kuwalea yatima hao alihitaji watu wanaojua Kiarabu, wanaokula chakula cha wenyeji na kuvaa kama wao. Basi mwaka 1868 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika. Kwa sababu walivaa kanzu nyeupe na joho jeupe kama Waarabu wa Aljeria, na rozari shingoni, watu wakawaita Mapadre Weupe. Mwaka 1869 akaanzisha shirika la masista, kwa kuwa aliona wazi kwamba mwanamke wa Afrika hatafikiwa na padre. Atafikiwa na mwanamke mwenzake. Amri aliyowapa mapadre wake ya kusema lugha ya watu, kula chakula chao na kuvaa mavazi yao ndiyo iliyofanya hata huku kwetu baadhi yao wajifunze Kiiraqw, lugha ngumu kwa mgeni kuliko Kiswahili.

Mapadre watatu wa kwanza waliotumwa kuvuka jangwa la Sahara waliuawa mwaka 1876. Watatu wengine waliuawa mwaka 1881. Jangwa lilikuwa limefunga mlango, na habari zilizotoka ndani yake zilikuwa za misafara ya watumwa tu.

Tarehe 24 Februari 1878, siku chache baada ya kuchaguliwa kwake, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu akawakabidhi Mapadre Weupe nchi za maziwa makubwa ya Afrika. Lavigerie hakukawia. Kabla ya miezi miwili kwisha, wamisionari kumi walikuwa wamekwisha kuondoka Ulaya. Wakafika Unguja, wakavuka Bagamoyo, wakapokewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao tangu mwaka 1868 walikuwa na kijiji cha watoto waliokombolewa utumwani. Tarehe 17 Juni msafara ukaondoka kwenda bara, na Padre Pascal akafa njiani kabla ya kufika Tabora. Huko Tabora wakagawanyika: wengine wakaenda Nyanza na Buganda, wengine wakaenda Ujiji, ambako walifika mwezi wa Januari 1879.

Hapa lazima tueleze hali ya mambo ilivyokuwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa kwa mapatano ya tarehe 5 Juni 1873, aliyoyatia sahihi Sultani Barghash kwa kusukumwa na Waingereza. Wazungu wengi wa Ulaya walidhani kwamba mambo yamekwisha. Kumbe kufunga soko la pwani si kuzima moto wa bara. Pembe za ndovu zilitakiwa sana, na pembe zilihitaji wapagazi, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji mikono. Bunduki na baruti ziliingia kwa wingi. Wenye misafara walifanya urafiki na mtemi mmoja wakampigania juu ya mwingine, na mateka wakawa ndio malipo. Si Waarabu peke yao. Walikuwamo Waswahili, na Wanyamwezi, na watemi waliouza watu wao wenyewe. Wala Wakristu wasijisifu, maana ni Wakristu wa Ulaya waliovusha watumwa mamilioni kwenda Amerika kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi.

Wanaume waliofungwa walitiwa kongwa shingoni, wanawake na watoto wakafungwa kamba au minyororo. Mama aliyeshindwa kubeba mzigo pamoja na mtoto alinyang'anywa mtoto, si mzigo. Nao wanawake na wasichana walitakiwa kuliko wanaume karibu katika kila soko. Mwanamke alilima, akapika, akachota maji, tena akalazwa na bwana wake kwa lazima. Aliyekuwa mzuri wa sura aliuzwa kwa bei kubwa kuwa suria. Mambo haya wamisionari waliyaandika kwa aibu na kwa maneno ya kufichaficha, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, lakini waliyaandika. Barua zao kutoka Ujiji, na Kibanga ng'ambo ya Tanganyika, na Karema, zilifika Algiers baada ya miezi mingi, na Lavigerie alizisoma zote.

Mwanzoni dawa yao ilikuwa kukomboa. Walitoa nguo na shanga, wakapewa mtoto, wakamlea. Watoto wengi wakakua chini ya ulinzi wa misioni. Lakini kila mwenye kufikiri aliona shida iliyomo: mwenye msafara akijua kwamba kuna mnunuzi hakika kandokando ya ziwa, atakwenda kuteka zaidi. Tena nguo za misioni zilikuwa chache, na watumwa hawakuwa na hesabu. Sisi hatuwalaumu mapadre wale. Mtu akimwona mtoto amefungwa mbele ya mlango wake, hawezi kumjibu kwa hoja za biashara. Bali ni dhahiri kwamba Lavigerie, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882 na baadaye askofu mkuu wa Carthage pamoja na Algiers, alianza kutambua kwamba mtoto mmoja mmoja hataumaliza ubaya huu. Ilibidi kuwaamsha wale wenye uwezo wa kuukata mzizi.

Saa yake ilifika mwaka 1888. Baba Mtakatifu Leo alikuwa akifanya yubilei ya miaka 50 ya upadre wake. Katika Mei mwaka ule Brazil ikawaachia huru watumwa wake, na Baba Mtakatifu akawaandikia maaskofu wa nchi ile barua ya kuulaani utumwa. Tarehe 24 Mei Kardinali Lavigerie akasimama mbele yake huko Roma, amewaleta mapadre wake pamoja na Waafrika waliokombolewa utumwani, ili Papa aone kwa macho yake watu ambao aliandika juu yao. Baba Mtakatifu akamwagiza aende akahubiri neno hili katika Ulaya nzima.

Alikuwa na miaka 62, tena mgonjwa, viungo vikimwuma hata safari nyingine hakuweza kutembea vema. Akaenda. Tarehe 1 Julai alihubiri katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris, kanisa la seminari aliyosomea ujana wake. Tarehe 31 Julai alikuwa London. Hapo msomaji apime mambo. Chama cha Waingereza cha kupinga utumwa kilianzishwa mwaka 1839, na nguvu yake ilitoka kwa Waprotestanti, hasa wale wa madhehebu ya Kikweka. Sasa Kardinali wa Kanisa la Roma, Mfaransa, anakaribishwa kusema katika mkutano wao. Bwana Granville, aliyekuwa waziri wa mambo ya nchi za nje zamani, alikuwa mwenyekiti. Kardinali Manning alikuwapo. Naye Cameron, aliyevuka Afrika kwa miguu kutoka Bagamoyo hata bahari ya magharibi katika miaka ya 1873 hata 1875, alikuwapo pia. Watu ambao kwa karne tatu hawakuweza kusali pamoja waliweza kukubaliana neno moja juu ya mtumwa. Tarehe 15 Agosti akahubiri Brussels katika kanisa kuu la Mtakatifu Gudula. Kisha akaenda miji ya Italia, Roma, Napoli na Milano.

Njia yake ya kusema ilikuwa hivi. Hakuanza na sheria wala na siasa. Alianza na barua za mapadre wake, akaeleza msafara mmoja, kijiji kimoja, mama mmoja. Kisha aliwageukia wanawake waliokuwamo kanisani, akawataka wayapeleke mambo haya nyumbani kwao, na kwa waume zao, na kwa wana wao, kwa sababu waliotekwa walikuwa wanawake wenzao. Sisi twaona kwamba hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake. Watu wa serikali walizoea kuhesabu watumwa kwa mashua na kwa frasila za pembe. Yeye aliwalazimisha kumwona msichana. Hesabu zake mwenyewe, tukisema kweli, haziaminiki zote. Alitaja mamia ya maelfu kila mwaka, naye alizipata kwa makadirio ya watu waliokuwa mahali pamoja tu, na wenye kuchunguza historia wamezipunguza. Mwenye hasira ya haki huongeza wakati mwingine, na baadaye adui zake humshika kwa hesabu hiyo.

Vyama vya kupinga utumwa vikaanzishwa Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani, Italia na penginepo. Baba Mtakatifu akatoa faranga 300,000 kwa kazi hiyo.

Sasa tufike mahali pa uchungu. Kardinali aliamini kwamba maneno peke yake hayatatosha, na kwamba patahitajiwa watu wenye silaha kuwalinda wanyonge. Kando ya Tanganyika alikuwapo Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyewalinda watu wa Mpala na jirani zake wasitekwe na watu wa Rumaliza wa Ujiji. Huyo alioa mwanamke wa nchi ile, akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1927, wala hakurudi Ulaya kutafuta sifa. Lavigerie alitamani wawe wengi wa namna hiyo. Bali wenye mamlaka wa Ulaya walikuwa na mawazo mengine. Katika mwaka ule ule 1888 watu wa pwani yetu, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliinuka juu ya kampani ya Wajerumani. Bismarck alipohitaji fedha za kupeleka askari, alitumia kelele za kupinga utumwa kama sababu, na bunge likampa. Mwezi wa Oktoba ulifanyika mkutano mkubwa huko Cologne, na mambo mawili yakachanganywa, huruma kwa mtumwa na tamaa ya nchi. Wissmann akaja na askari wake, Abushiri akanyongwa Pangani katika Desemba 1889, na utawala wa Wajerumani ukakaza. Tena utawala huo haukuufuta utumwa; ulitoa sheria za kuupunguza tu.

Je, Kardinali alidanganywa, au alijua? Sisi twafikiri kwamba alijua kwa sehemu. Alikuwa Mfaransa mwenye kupenda taifa lake, mtu wa hasira na wa amri, asiyependa kupingwa, naye aliwahi kugombana na nusu ya watu waliofanya kazi naye. Aliona kwamba serikali za Ulaya zitaingia Afrika apende asipende, akataka angalau zifungwe kwa ahadi. Hukumu hii twaiacha kwa msomaji, lakini hatukuona vema kuificha katika kijitabu cha Yubilei.

Ahadi yenyewe ilipatikana. Tangu Novemba 1889 wajumbe wa mataifa 17 walikutana Brussels, na Unguja ilikuwamo, na tarehe 2 Julai 1890 wakatia sahihi mapatano yenye vifungu 100. Walipatana kuzuia misafara ya bara, kukagua vyombo baharini, kuzuia bunduki na vileo visiingizwe ovyo, na kuwa na ofisi Unguja ya kukusanya habari za vyombo vya watumwa. Ilikuwa mara ya kwanza mataifa mengi hivyo kupatana kwa maandishi juu ya biashara hii kutoka mahali mtu anapotekwa mpaka mahali anapouzwa. Tarehe 20 Novemba mwaka ule Papa Leo akaandika barua kwa maaskofu wote, akiagiza kwamba kila mwaka katika sikukuu ya Epifania itolewe sadaka makanisani kwa ajili ya kuwakomboa watumwa wa Afrika na misioni zake.

Kazi yake ya mwisho haikufaulu. Mwaka 1891 alikusanya huko Biskra, kando ya jangwa, vijana waliotaka kuishi kama watawa wenye silaha, wawapokee watumwa wanaotoroka Sahara. Mwaka uliofuata jamii ile ikavunjwa. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka kabisa. Akafa Algiers usiku wa kuamkia tarehe 26 Novemba 1892, akazikwa Carthage. Mwaka 1964 mifupa yake ilihamishiwa Roma, katika nyumba kuu ya shirika lake. Masista wake wakafika Ushirombo mwaka 1894, miaka miwili baada ya kufa kwake, wakaanza na wasichana waliokombolewa.

Watu hupenda kudhani kwamba sheria ikitoka, mtumwa huamka huru asubuhi yake. Tazameni Unguja. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alitoa amri kwamba utumwa hautambuliwi tena na mahakama, na mtumwa aweza kwenda kudai uhuru wake. Lakini amri ile iliwaacha nje masuria. Wakubwa walisema kwamba hao ni kama wake wa nyumbani, wasiguswe. Basi mwanamume wa shambani aliweza kudai uhuru wake, na mwanamke aliyenunuliwa kwa ajili ya kitanda hakuweza, ila akithibitisha ukatili. Wakangoja miaka 12, mpaka amri ya mwaka 1909. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa na sheria mwaka 1922. Barua zile za Ujiji zilikuwa zimemtaja mwanamke kwanza. Wenye kuandika sheria walimkumbuka mwisho.

Nasi wa siku hizi tuna sheria zetu. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipatana juu ya kuzuia usafirishaji wa watu, hasa wanawake na watoto, na nchi yetu ikatunga sheria yake mwaka 2008, inayomwadhibu mtu anayemchukua mwingine kwa hila au kwa nguvu ili amtumikishe au amtie katika ukahaba. Tangu mwaka 2015 Kanisa huadhimisha tarehe 8 Februari, siku ya Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Sudani aliyeuzwa mara nyingi katika utoto wake, iwe siku ya kuwaombea waliouzwa. Lakini hapana kongwa tena la kuonekana kwa macho. Huja shangazi wa mbali, au mama mwenye maneno matamu na kitambaa kizuri, akaahidi kazi ya nyumbani mjini na shule ya jioni. Wazazi hupewa kidogo, na msichana hupanda basi. Wapo wanaopata kazi ya haki, nasi hatusemi kwamba kila safari ni utumwa. Wapo wasiolipwa hata senti, na wapo wanaopelekwa kwa wanaume. Mwalimu ndiye anayeona kwanza kwamba dawati moja limebaki tupu, naye katekista ndiye anayejua nyumba gani ya kuuliza. Wauliza jina la aliyemchukua, namba yake ya simu, na mji wanakokwenda, tena waandike. Nguvu ya Kardinali ilitoka katika barua za watu waliokuwa mahali penyewe, walioandika mambo waliyoyaona.

Kabla hatujaweka kalamu chini, tumtaje mmoja wa wale waliokombolewa. Mwaka 1881 Kardinali alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, ili vijana waliotoka utumwani wajifunze uganga wa kizungu, wapate kurudi Afrika kuwatibu ndugu zao. Miongoni mwao alikuwapo kijana mmoja wa nchi za mto Niger, Adriano Atiman, aliyeibiwa akiwa mtoto, akapelekwa jangwani, akanunuliwa na mapadre. Alisoma Malta mpaka akahitimu, akaletwa kwetu Tanganyika, akafika Karema kando ya ziwa, katika ngome ambayo Wabelgiji walikuwa wamewaachia Mapadre Weupe mwaka 1885. Akaoa binti wa mtemi, na mwanawe Yosefu akapata upadre. Akawatibu wagonjwa wa ndui, wa vidonda na wa macho, akawapasua waliohitaji kupasuliwa, akawafundisha dini. Miaka ikapita, Wajerumani wakaja wakaondoka, Waingereza wakaja, na yeye bado yuko palepale na mkoba wake wa dawa. Alikufa Karema mwaka 1956, baada ya kuwatumikia watu wa pale kwa miaka zaidi ya 65.